Wimbo Niliosema Hauna Mwenyewe

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilikuwa na kiherehere cha kutosha watu watatu. Chuo chenyewe kilikuwa kipya, katika kimji cha mlimani mwendo mfupi kutoka Kisumu kwa barabara ya Busia, na kimji kilikuwa posta, duka la mkate, kinyozi mmoja na mvua ya kila alasiri. Kwa hiyo niliposikia kwamba wanafunzi wanaandaa tamasha la bendi ambazo hazijawahi kurekodiwa na kampuni yoyote, nilijipachika kwenye kamati kabla sijaombwa.

Bendi yetu ya chuo ilikuwa na magita mawili, ngoma, na haikuwa na wimbo wake hata mmoja. Ilipiga nyimbo za watu. Lakini sharti la tamasha lilikuwa kila bendi ilete wimbo ambao redio haijawahi kuupiga. Nikasema mimi ninao.

Nilikuwa nao kweli. Mama yangu aliuimba kila jioni nyumbani kwetu Kaloleni, mtaa wa Kisumu, akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwa sauti ya chini, midomo karibu imefungwa. Mchana alikaanga mgongo wazi kule Obunga, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu, na alirudi akinuka mafuta kutoka kitambaa cha kichwa hadi kandambili. Niliwaimbia wanabendi, wakaupenda papo hapo. Mpiga gita, kijana wa Meru mwenye adabu zake, akauliza wimbo ni wa nani ili tumtaje. Nikafikiria karai la mafuta. Nikafikiria wenzangu ambao mama zao walikuwa walimu na wauguzi. Nikajibu kwamba ni wimbo wa kale tu, hauna mwenyewe. Uongo ulinitoka laini, hata mate sikumeza.

Bado nilitaka aje ausikie. Akili yangu ya wakati huo ndiyo hiyo: nimkane, halafu nimfurahishe. Nikampelekea ujumbe kwamba Jumamosi aje, kuna jambo la kumshangaza.

Jumamosi yenyewe, jamani! Jukwaa lilikuwa lori la mchanga lililoshushwa mbao za ubavuni. Spika tulizikodi kwa Singasinga mmoja wa Kisumu ambaye kazi yake ilikuwa harusi. Zilikuwa kubwa kama kabati, na tulipozijaribu asubuhi kuku wa kimji kizima walitafuta pa kujificha. Bendi moja ilitoka Homa Bay na gita walilolichonga wenyewe. Wasichana wanne wa Kakamega walipiga ngoma za isukuti mpaka mhadhiri wa hesabu akavua koti. Nilicheza kisigino cha kiatu kikang'oka, nikavua vyote viwili nikaendelea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliona dunia nzima imekuja kwetu.

Mama alifika saa tisa, kavaa gauni lake la kanisani. Alisimama nyuma kabisa, karibu na wauza miwa. Bendi yetu ikapanda, na mtangazaji akasema wimbo ufuatao ni wa kale, hauna mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Ubeti wa kwanza ukaanza, nami nikamkodolea mama macho nikingoja atabasamu. Hakutabasamu. Alianza kuja mbele, na watu wakampisha.

Kwetu kuna desturi ya pakruok. Mtu yeyote aliye ngomani anaweza kusimamisha muziki: anatupa sarafu, anainua mkono, wapigaji wananyamaza, naye anajisifu mbele ya watu mpaka atosheke, ndipo anawaruhusu waendelee. Kila Mjaluo anaijua. Kijana wa Meru hakuijua. Mama alitupa sarafu yake juu ya lori, akainua mkono, na yule kijana akamwinamia kwa heshima akazidi kupiga, akidhani ametuzwa. Mama akatupa ya pili. Gita likapamba moto zaidi. Wazee walikuwa wameanza kunung'unika niliporuka juu ya lori miguu mitupu na kuzibana nyuzi kwa kiganja.

Mama akapewa maikrofoni.

"Mimi ni nyar Nyakach, msichana ya Pap Onditi," alisema. "Hii wimbo ni yangu. Niliitunga dada yangu akiolewa."

Kisha akataja jina lake la usichana, lile ambalo wenzake walimwitia ngomani. Sikuwa nimelisikia maishani mwangu. Nyumbani aliitwa mama wa kaka yangu mkubwa, basi.

"Sasa nani alisema haina mwenyewe?"

Mtangazaji aliitazama bendi. Kijana wa Meru, ambaye hakuwa na hatia yoyote, alisogea akaanza kuomba radhi, kwamba kosa ni lake. Ningeweza kumwacha. Nilitamani kumwacha, nakiri. Nikainama, nikaokota sarafu moja ya mama, nikaitupa tena chini na kuinua mkono.

"Mimi ni mtoto wa huyu mama," nilisema. "Anakaanga mgongo wazi Obunga. Nilijua wimbo ni wake. Nilisema hauna mwenyewe kwa sababu nilimwonea aibu."

Pakruok ya mtu kujishtaki hakuna aliyekuwa ameisikia. Mama alinitazama. Halafu akamgeukia mtangazaji, akamtaka awatangazie watu jina lake, lile la usichana. Mtangazaji akalitaja vibaya. Mama akamrudisha nyuma, naye akalitaja tena, sawasawa.

"Haya, pigeni."

Nao wakapiga, naye akaimba kwa sauti yote, na nikajua kwamba kule jikoni alikuwa akiubana tu. Wanawake waliacha vikapu vyao wakaja kutikisa mabega. Kulikuwa na ubeti mzima ambao sikuwahi kuusikia. Nilicheza nikilia, nikilia nikicheka, na mvua ilipoanza hakuna aliyeondoka.

Aliposhuka kwenye lori jasho likimtiririka, nilianza kumwomba msamaha. Alinikatiza kwa Kijaluo, huku akijifuta uso kwa kitambaa.

"Siku nyingine uniulize kwanza," alisema. "Ninazo nyimbo nyingine kumi na moja."