Sahani Zilizofutwa Alama

Enzi zetu, na nyie mliokunywa uji wa shule kwenye vikombe vya bati mtanielewa, mgeni hakuandaliwa kwa vyombo vya nyumba moja. Mgeni wa maana akiingia kwetu Msimbu, sahani zilitoka kwa huyu, bilauri kwa yule, birika la kunawia nyumba ya tatu, na mgeni akala, akashiba, akaondoka bila kujua kwamba ameandaliwa na kitongoji kizima. Nayaandika haya nikiwa na hasira, na sababu yake nitaisema. Lakini nianzie mbali, maana nikianza na hasira nitaharibu kumbukumbu nzuri.

Mambo ya meza tuliyajua mapema. Tulipocheza kujipikilisha kwenye mikorosho, vifuu vilikuwa sahani, jani la mgomba kitambaa cha meza, mchanga ubwabwa, na mabibo yaliyopondeka ndiyo mchuzi. Kila msichana alitia alama ya mkaa chini ya vifuu vyake. Vikichanganyika, mchezo unavunjika, watu wanavutana nywele, na mmoja anakwenda kusema kwao.

Alama tuliiga kwa mama zetu. Kijiji kizima tulilima shamba la pamoja la mihogo, tuliimba pamoja, tulipangwa foleni ya sukari pamoja, lakini sahani kila mwanamke aliijua yake. Za Mama zilikuwa na nukta ya buluu chini, rangi iliyobaki tulipopaka mlango. Za jirani yetu Bi Tausi zilikuwa na msalaba mwekundu wa rangi ya kucha, kaletewa na binti yake wa Dar. Za Mama Kibwana, wa nyumba ya nyuma, zilikuwa na mstari wa kijani, na tulijua rangi ile ilitoka kwenye dirisha la zahanati, ila hakuna aliyemuuliza ilitokaje. Shughuli ikiisha, unageuza sahani, unaangalia kitako, unarudisha kwa mwenyewe. Hakuna maneno.

Sasa dada yangu Zaituni akaposwa. Mimi nilikuwa darasa la nne. Mposaji alikuwa kijana wa Tangini, Kibaha, na washenga walikwisha kupita. Kilichobaki ni mama yake, Bi Hadija, kuja na ndugu zake kula kwetu na kupanga siku ya harusi. Mmoja wa washenga, kwa kutaka kusaidia, akamnong'oneza Mama kwamba Bi Hadija ana tabia yake moja. Akishamaliza kula, anageuza sahani.

Mama hakulala vizuri tangu siku ile. Alikuwa anasoma elimu ya watu wazima jioni, na mwalimu alikuwa amewafundisha maarifa ya nyumbani: kitambaa kikunjwe mstari ukae katikati ya meza, bilauri ikae mkono wa kulia, uma kushoto. Uma hatukuwa nao, wala hatukumjua aliye nao. Mama akasema vidole anavyo kila mtu, kushoto na kulia, tuendelee.

Meza yetu ilikuwa moja na mguu mmoja mfupi. Baba akautilia kipande cha kifuu. Dada Zaituni akatandika kitambaa cheupe cha marekani alichokidarizi mwenyewe, maua ya waridi pembe zote nne, kazi ya miezi. Jagi la maji ya ndimu likafunikwa kitambaa cha kufuma chenye shanga pembeni, ili upepo usikibebe. Asumini zikawekwa kwenye chupa ya asali iliyooshwa. Sinia la pilau likafunikwa kawa, lile la ukili wa zambarau na manjano ambalo Mama aliolewa nalo. Mimi nilikuwa mbio nyumba kwa nyumba kukusanya vyombo, na kila anayenipa ananigeuzia chini ananionyesha alama yake, kama vile mimi mgeni pale.

Vilipofika vyote, Mama akavipanga kwenye mkeka, akavigeuza, akatazama. Buluu, nyekundu, kijani. Nukta, msalaba, mstari. Mkwe akigeuza hizi atajua nyumba haina hata sahani ya kumlishia mtoto wake. Ndipo Mama akafanya jambo ambalo kijijini kwetu halijapata kufanywa na mtu mwenye akili zake. Alichukua mafuta ya taa na kitambaa, akafuta alama zote. Moja baada ya nyingine, mpaka vitako vikawa vyeupe kama vimetoka dukani.

Baba alimuuliza atazijuaje kesho. Mama akamjibu kwamba sahani zake anazijua kama anavyowajua wanawe. Baba akatoka zake kibarazani. Mtu aliyekaa na mke miaka mingi anajua lini atoke.

Tuliziosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa majani ya mlimau, tukafukiza udi kuficha harufu ya mafuta ya taa. Wageni wakaja, wanaume wakaandaliwa kibarazani, wanawake ndani mezani. Mimi nilishika birika na kupita na beseni la kunawia, macho kwa Bi Hadija. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, anakula bila haraka. Alisifia kitambaa, akashika ua la pembeni kwa vidole akauliza nani kadarizi. Akaipandisha bilauri puani mara moja, akaishusha. Na kweli, alipomaliza, akaigeuza sahani. Nyeupe. Akatabasamu, akaniangalia mimi, akaitua. Kabla ya alasiri siku ya harusi ilikuwa imetajwa: mwezi unaofuata, baada ya Idi.

Wageni walipotoka tu kwenda kungoja gari la Kisarawe, wenye vyombo wakaingia uani. Na hapo, wenzangu, ndipo nilipojua mwisho wa ujamaa uko wapi. Bi Tausi aligeuza sahani ya kwanza, akageuza ya pili, akamtazama Mama. Mama akaeleza, huku anacheka peke yake. Kisha akainama kuchagua zake, hizi anazozijua kama wanawe, akashika moja, akairudisha, akashika nyingine, akairudisha.

Zenye ukingo wa dhahabu zilipata mama wawili papo hapo. Mama Kibwana akasema ni zake, mumewe kazileta kutoka Unguja. Bi Tausi akasema mume wa Mama Kibwana hajawahi kufika Unguja, aliishia Ilala. Ila sahani moja yenye ufa, ufa umeanzia ukingoni umefika katikati, haikupata mtu. Kila mmoja aliipitisha kwa mwenzake kwa adabu kubwa. Ikabaki mkekani peke yake.

"Hapana shida," Bi Tausi akasema, akajifunga kanga kiunoni. "Kagawe wewe uliyefuta. Lakini harusi ya Zaituni watu wako watakula kwenye majani ya mgomba. Kwangu havitoki tena."

Mama Kibwana akasema na kwake vivyo hivyo. Harusi ya mwezi ujao, watu wa Kibaha wanakuja gari zima, na nyumba haina hata sahani moja yenye mwenyewe.

Ikapigwa hodi. Bi Hadija. Alikuwa amesahau mwavuli.

Mama alivua kanga ya begani akazifunika zile sahani mkekani kama mtu anayefunika maiti. Bi Hadija alimwamkia Bi Tausi, akauliza hali upya kama vile hawakuonana mchana, akachukua mwavuli wake ukutani. Kisha akainama, akainua pembe ya kanga.

Mama alikuwa na uongo tele wa kusema. Nilimwona anautafuta. Mwisho akasema, "Nimeazima, mkwe wangu. Zote nimeazima za watu. Yangu ni hiyo yenye ufa."

Bi Hadija alikwenda kwenye sinia alilokuja nalo asubuhi limejaa mikate ya kumimina, ambalo tulikuwa tumeliosha tumeliegemeza ukutani. Akaligeuza. Chini yake palikuwa na nukta ya manjano, kubwa kama shilingi.

"Hili la jirani yangu Tangini," akasema. "Na kanga hii niliyovaa ya wifi yangu. Nageuza sahani za watu nione kama nina mwenzangu."

Aliyeanza kucheka ni Bi Tausi. Alicheka mpaka akakaa chini, kanga ya kiunoni ikafunguka. Bi Hadija akakaa naye, gari la Kisarawe likampita, akalala kwetu.

Kuhusu sahani, pamoja na bilauri na jagi, hakuna aliyepata jibu. Ikaonekana kwa kuwa harusi ni mwezi ujao na zitahitajiwa zote, basi zikae kwetu kwenye sanduku la majani ya chai mpaka siku hiyo. Harusi ilipopita, Mama Kibwana alikuwa na maulidi, sanduku likahamia kwake. Kisha Bi Tausi akawa na hitima. Likawa linazunguka hivyo, na hakuna aliyetia alama tena, maana angeitia kwenye ipi? Ile yenye ufa ilidumu kuliko za dhahabu. Mimi nilipoolewa huku Kibaha, mitaa ya Pangani, Mama aliniletea jagi la kioo kutoka sanduku lile, pamoja na kitambaa chake cha shanga, na hadi leo hatujui lilikuwa la nani.

Sasa sababu ya hasira yangu. Juzi nilimfanyia mwanangu akika. Wageni wakazidi. Nikaenda kwa jirani yangu Rehema, bibi harusi wa mwaka jana, mwenye kabati la vioo sebuleni lililojaa bilauri mguu mrefu, na maua ya plastiki juu yake yanayofutwa vumbi kila Ijumaa. Nikamwomba bilauri chache. Akaniangalia kama nimeomba mumewe.

"Vile havitoki, dada," akaniambia. "Vile ni seti. Ikivunjika moja, seti imekufa."

Wageni wangu wakanywa kwa zamu. Kwa zamu, mtu mzima anamsubiri mwenzake amalize maji. Wasichana wa siku hizi, kwa kuwa maduka yameanza kujaa tena, wao wananunua vyombo vya kuangalia. Anakukaribisha kwake, anakupa chai kwenye kikombe cha plastiki, na mnakaa wote wawili mnalitazama kabati. Kawa ametundika ukutani, mapambo, na nzi wako kwenye wali. Nilisema hayo mtaani na sikusema kwa sauti ya chini.

Leo asubuhi Rehema kapiga hodi. Shikamoo dada, kichwa chini. Mama mkwe wake anakuja mchana, na kwenye ile seti yake hamna jagi. Anaomba langu.

Nilitaka kumjibu kama alivyonijibu, maneno yote yalikuwa mdomoni tayari. Lakini nilikwisha kuona mwanamke anayengoja mkwe, najua uso wake ukoje. Nikaingia ndani, nikalitoa jagi la Mama, nikalifuta, nikatoa na kile kitambaa cha shanga, maana jagi wazi mbele ya mkwe ni aibu. Kisha nikatafuta chupa yangu ya rangi ya kucha. Nikaligeuza jagi. Kitako kilikuwa cheupe, safi, miaka yote ile hakuna aliyekigusa.

Nikatia msalaba mwekundu, mkubwa, nikapuliza mpaka ukakauka, nikampa.