Tochi Kali Kuliko Zote

Muuza mitishamba wa Chang'ombe ana vidole vya kijani hadi kwenye kucha, na majani yake huyaanika kivulini tu, akisema jua linaua dawa. Lakini watafiti walipokuja kuyanunua, walimweleza kwamba kilichomo ndani yake, kikimulikwa kwa mwanga, huua seli za uvimbe wa ubongo kwenye visahani vya maabara. Mkewe ana uvimbe kama huo. Sasa amemnyoa kipara, anamnywesha maji ya majani na kumkalisha juani, akimsogezea kiti kila kivuli kikimfikia.

"Mzee, mama unamwanika kama dagaa?" alimtania Bahiya, mwenye duka la umeme ng'ambo ya barabara.

"Mwache, mwanangu," mama akajibu kwa sauti iliyokauka. "Labda ataniuza bei nzuri."

Wiki hii mawingu yametanda. Leo mzee kaja dukani, kataka tochi kali kuliko zote.

"Hii inamulika mpaka Kinyerezi," Bahiya akasema, akimkabidhi.

Mzee akaiwasha chini ya kiganja chake, akainama kutazama kama mwanga umetokea upande wa pili. Akatazama sana.

"Huna kali zaidi?"