Nilivyokipiga Msasa Kitabu cha Dada wa Watu

Mie ni fundi samani wa Keko. Shule niliishia darasa la pili, lakini mbao ikinikwaruza kiganja usingizi siupati. Juzi nilipeleka kabati kwenye sherehe ya vitabu vipya vya watoto. Waandishi walikuwa wa kila namna: Mmakonde, Mchaga, hata Mhindi mmoja mcheshi ajabu, ila huyo tumwache.

Napanga vitabu kabatini, nikagusa kimoja. Hakina wino hata tone, kurasa zimejaa vipele. Nikasema, masikini, kiwanda kimemharibia mtu kazi. Nikatoa msasa laini, nikasugua taratibu ukurasa mmoja mmoja hadi mwisho.

Mara akaingia dada mmoja wa miwani myeusi, kashikwa mkono. Mshereheshaji akaniambia nimpe kitabu chake, kile cheupe, awasomee watoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kilikuwa na vipele hiki. Sasa pitisha mkono, laini kama shavu la kichanga!"

Watoto wakasogea. Vidole vyake vikaenda, vikarudi, vikaenda tena.

"Baba," akasema polepole, "mie sioni. Vile vipele ndiyo hadithi yenyewe."

Ukumbi mzima ukanigeukia, na msasa bado ninao mkononi.