Sailensa tatu za kitrekta changu, na jibu la Bi Rukia

Wakuu, amani kwenu nyote, wa bara na wa visiwani.

Leo nina furaha mpaka vidole vinateleza kwenye simu, mtanisamehe makosa. Haya yamenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kama naongopa, kesho injini isiwake.

Niko Kipungani, Lamu. Nina kitrekta cha bustani, vile vidogo vya kukatia nyasi, cha zamani kweli kweli. Vintage! Mgeni mmoja aliyekuwa na nyumba huku alikiacha akarudi kwao. Kikakaa bandani miaka na miaka, mimi nikakifufua. Nimekifungia mkokoteni nyuma, nabeba nazi, makuti, na miyaa ya kina mama wanaosuka mikeka.

Huku kwetu mzigo ni wa punda, kwa hivyo mimi na kitrekta changu tulikuwa watu wakubwa. Tulijiona hivyo, angalau.

Shida ilikuwa kelele. Ekzosi, lile bomba la moshi, ilishaoza, limebaki tundu tu. Nikiwasha, punda wanakata kamba.

Na njia ya shambani inapita mbele ya baraza ya Bi Rukia, ambapo kina mama hukaa kusuka tangu asubuhi. Kusuka bila mazungumzo hakuna, wakuu. Nikipita, hadithi inakatika katikati, na wakianza tena hawakumbuki walifikia wapi.

Sasa shikeni hapo. Bi Rukia ndiye mamake Zainabu. Na Zainabu ndiye niliyempelekea posa.

Zainabu mwenyewe alisharidhia. Babake, mtu mpole sana, alimwambia babangu kwamba yeye hana neno, jibu liko kwa mama. Mama akasema:

"Kwanza akinyamazishe kile kidude chake. Mwanangu hatakwenda kuishi na ngurumo."

Hakuwa anatania. Wiki hiyo hiyo nikasikia kuna watu wa Faza, kisiwa cha jirani, nao wanaulizia habari za Zainabu. Wakuu, siku hiyo hiyo nikaanza kusaka sailensa.

Sailensa ya kwanza niliichagua kwa sura. Aibu yangu hiyo. Ilikuwa ya pikipiki, nyeusi, inang'aa. Kumbe zile zinatengenezewa vijana wanaotaka kusikika! Nilipopita, Bi Rukia aliweka chini ukili aliokuwa akisuka, akaziba masikio kwa vidole, akanitazama mpaka nikapotelea kwenye kona.

Ya pili, nikaenda kwa Athumani, fundi wa injini za boti. Fundi hodari, simsemi vibaya. Akaniambia boti hupumulia majini ndiyo maana haipigi makelele, basi kitrekta nacho kipumulie majini.

Nikaona hekima tupu! Sisi watu wa visiwani, kila injini kwetu ni boti. Tukachomelea bomba refu, mwisho wake tukauzamisha kwenye debe la maji nyuma ya kiti.

Kimya, wakuu. Gububu, gububu, basi. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Mbele ya baraza pana mchanga mzito. Nikakanyaga mafuta ili nisikwame. Moshi ukaja kwa nguvu, debe likatapika. Maji meusi ya masizi yakaruka hadi kwenye mikeka mitatu ya Bi Rukia iliyoanikwa. Mmoja ulikuwa wa kuswalia, alikuwa akimsukia mamake.

Kisha injini ikanywa maji ikazima hapo hapo. Kwa hivyo hata kukimbia sikuweza.

"Mayi gani haya, mwana wa watu?"

Nilishuka nikaomba radhi, nikabeba mikeka yote mitatu nikaenda kuifua baharini kwa mikono yangu. Watu walikuja kutazama, wengine na watoto wao. Walinicheka mpaka wakakaa chini. Nilirudi nikijua nimeshamkosa Zainabu.

Ya tatu ndipo nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo: nikapima. Sailensa ikiwa na mdomo mwembamba kuliko tundu la injini, injini inakabwa, inachemka, nguvu zinakwisha. Unataka mdomo unaolingana na tundu, tumbo kubwa, na vyumba ndani vya kupunguza sauti. Nikavuka bara hadi Mokowe, nikaipata kwenye kigari kidogo kilichovunjwa. Athumani akaichomelea kimya kimya, naye alikuwa na haya zake.

Nikapakia miyaa mipya ya kumlipa Bi Rukia na nazi chache, nikatoka.

Njiani nikasikia nazi zinagongana mkokotenini. Miaka yote nilikuwa sijui kwamba zinagongana!

Nikakaribia kona ya nyumba yake. Barazani hakuna aliyenisikia. Nikasikia jirani yake akisema:

"Yule wa Faza mtaratibu, hana kelele."

"Hana kelele, na habari hana," akajibu Bi Rukia. "Huyu wetu ni mjinga wa mabomba, kweli. Lakini kila nikimkataa huja na bomba jengine, hanuni, hanijibu. Mikeka yangu ameifua watu wakimcheka. Zainabu nitampa huyu. Mwambieni baba wa kijana aye yeo."

Wakuu!

Aje leo hii! Nilisahau breki. Kitrekta kikamaliza kona chenyewe, kikatokea mbele ya baraza, mimi juu yake mdomo wazi, machozi yananitoka.

Kina mama wakapiga yowe. Bi Rukia akavuta mtandio, akanitazama mimi, akakitazama kitrekta.

"Uko hapo tangu lini?"

"Tangu mjinga wa mabomba, mama."

Baraza nzima ikaanguka kwa kicheko, na yeye nyuma hakubaki. Babangu alikwenda baada ya Alasiri. Jibu tumepewa rasmi, alhamdulillah, alhamdulillah tena!

Funzo langu: sailensa haichaguliwi kwa sura, wala kwa mawazo ya chombo kingine. Pima kwanza. Na mtu akikukosoa, usinune, maana huenda bado hajaamua.

Lakini kabla ya nikahi Bi Rukia ameongeza sharti moja. Kina mama wanasema sasa hawawezi kuzungumza lolote barazani kwa kuhofia niko kwenye kona. Anataka nifunge kengele.

Haya wataalamu, kengele gani inafaa kitrekta? Ya baiskeli itasikika? Leteni maoni upesi, na safari hii msinipotoshe. Huyu sasa ni mama mkwe.