Dohani ya Kilomita Tano

Ndege zinazotoka mashariki hushuka juu ya nyumba yangu hapa Kabuga, nje kidogo ya Kigali, na siku za mvua husikika kabla ya kuonekana. Kwanza vikombe hutetemeka kabatini, halafu unakuja ule mngurumo wa kupunguza mwendo. Majirani hata hawainui vichwa. Mimi husimama na mwiko mkononi mpaka mlio utulie upande wa uwanja wa ndege wa Kanombe, kisha naendelea kukoroga. Nimekuwa hivi tangu nina miaka tisa, na sababu yake, kabla yenu ninyi, nimemwambia mtu mmoja tu.

Wakati huo tuliishi pwani ya Tanzania, Wanyarwanda ambao Kinyarwanda chetu kiliwachekesha wageni waliotoka nyumbani. Baba alikuwa mpima hali ya hewa katika uwanja wa ndege wa kimataifa. Kila saa alitoka kibandani, akasoma joto, upepo na mawingu, kisha akatazama mbali. Umbali wa kuona haukuwa na chombo, ulipimwa kwa macho. Tangi la maji likionekana, kilomita mbili. Mnara wa kanisa, tatu. Dohani ya kiwanda cha saruji, tano. Aliandika, akawapigia simu waongoza ndege, nao wakamwambia rubani.

Shida ni kwamba Baba alikuwa na mtoto wa jicho na hakutaka mtu ajue. Kila likizo alinichukua kazini, wenzake wakadhani ananidekeza.

"Tangi?" aliuliza kwa sauti ya chini, akijifanya anafuta miwani.

"Lipo."

"Kanisa?"

Nilijivuna, sifichi. Siku za shule alikisia tu, akimwomba Mungu jua liwake.

Likizo moja Mama alikuwa Kigali, akimuuguza bibi kwa wiki sita. Nilimkumbuka mno hata chakula kikawa hakipiti. Angerudi Jumamosi, saa nane mchana. Saa saba na nusu mvua ikaanza kuingia, na harufu ya lami yenye joto ikajaa kibandani. Mitambo ya kuongoza ndege kutua ilikuwa kwenye matengenezo. Rubani ilimpasa aione njia kwa macho yake.

"Tukikosa dohani," Baba alisema, "ndege ya mama yako wataipeleka kwingine."

Tukatoka nje. Tangi lilikuwepo. Kanisa lilianza kufifia. Nyuma yake palikuwa na kijivu kitupu.

"Dohani?"

"Ipo," nikasema.

Baba akaandika kilomita tano.

Ndege ilishuka ndani ya mvua. Tuliona taa zake zikitokea pembeni mwa njia, karibu mno na nyasi, magurudumu yakiwa nje. Halafu injini zikapiga kelele na ikapanda tena, ikapotea. Ilikwenda kutua mji mwingine, na Mama akafika kesho yake. Alikuwa ametapikia kitenge chake kipya. Alinikumbatia muda mrefu, nami nikasimama kama gogo. Nilikuwa nimemngoja wiki sita na sikuhisi kitu.

Jumatatu Baba alikwenda kwa mkubwa wake, Mzee Shomari, nami nikiwa mlangoni.

"Macho yangu yamekwisha, mzee. Nilikuwa nakisia."

"Na juzi je?"

"Nilikisia."

Hakunitaja. Aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Tulipohamia Kigali, Mama alikataa kabisa kupanda ndege, tukaja kwa basi hadi kituo cha Nyabugogo, miguu imevimba. Baba akawa mtu wa kukaa katika duka la vyombo la mjomba, mtaa wa Muhima, akizipapasa sufuria kutafuta nyufa. Nilikua nikimtazama na kujua kwamba mimi ndiye niliyemweka pale.

Nilimwambia mwaka jana, tukila mchana, Mama akiwa kanisani. Sasa haoni kabisa. Nilisema tu: "Baba, siku ile dohani haikuonekana."

Aliendelea kutafuna.

"Nari mbizi," akajibu kwa Kinyarwanda. Yaani, alikuwa anajua. "Mvua ilikuwa inatoka upande wa kiwanda. Niliisikia inapiga mabati ya nyumba za upande ule. Ungeionaje, mwana wanjye?"

"Mbona uliandika?"

"Wiki sita," akasema. "Hata mimi nilikuwa namtaka."

Miaka yote nimeubeba uongo ule kama wangu peke yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Aliyeshika kalamu alikuwa mtu mzima, na ndani ya ndege kulikuwa na watu. Nikangoja hasira, halafu nikangoja nafuu. Haikuja hata moja. Nilimmenyea chungwa, nikamwekea vipande mkononi kimoja kimoja.