Voisi za Baba Hazikuhama

Nilifuta simu ya mama kabla sijahakikisha kama vitu vyake vyote vimehama. Huo ndio ujinga wenyewe, nauandika mwanzo kabisa usije ukanionea huruma bure huko mbele.

Mjomba alikuwa amemletea mama simu yake aliyokuwa anaiacha, moja ya zile za kampuni nyingine ambazo shuleni kwetu ukionekana nazo hata viranja wanakusalimia kwa adabu. Ile ya mama ya zamani, iliyopasuka kioo, niliahidiwa nirithi mimi. Kwa hiyo haraka zangu zilikuwa na sababu.

"Utaweza kuhamisha voisi za baba yako?" mama aliuliza, akichambua maharage barazani.

Baba alifariki mwaka jana. Kila msimu wa korosho alikuwa anakwenda Nalasi kubeba magunia, na kwa kuwa kuandika kulimchosha, alimtumia mama voisi, nusu Kiswahili nusu Kingoni, akikohoa, akicheka mwenyewe kabla hajafika kwenye kichekesho. Tangu tumzike, mama alikuwa akizisikiliza kila Jumapili tukitoka misa, simu ameibana sikioni kama mtu anayepigiwa.

"Mama, unaongea na fundi wa ukoo," nilimwambia. "Dakika kumi tu. Namba ni ileile, kila kitu kinaifuata namba."

"Fundi wa ukoo, juzi umeunguza shati kwa pasi."

Nikahamisha laini. Majina yakaja, magrupu yakaja, hata lile la kwaya ambalo hakuna aliyelihitaji. Nikajisifu. Nikaishika ya zamani, nikabonyeza kufuta vyote. Iliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikaijibu ndiyo mara mbili, kwa madaha.

Mama alipofungua jina la baba kwenye simu mpya, palikuwa peupe.

Kesho yake nilitoka shule moja kwa moja hadi kwa fundi simu wa Bombambili, na simu zote mbili mfukoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani kafuta?"

"Mdogo wangu." Sina mdogo.

Alizigeuzageuza. "Mwambie mdogo wako hizi simu hazielewani. Kila kampuni inatunza mazungumzo kwa namna yake, hawajakaa wakakubaliana namna moja. Kuna njia ya kuyavusha kwa waya, lakini ya zamani iwe bado na vitu ndani. Kulikuwa na nakala imehifadhiwa mtandaoni?"

"Niliizima. Ilikuwa inakula bando."

"Uliizima wewe, au mdogo wako?"

Fundi hakucheka. Akakifuta kile kioo kilichopasuka kwa shati lake, taratibu, akanirudishia simu zote mbili. "Hapa hamna cha kuvusha, kijana."

Njiani nilitunga utani wa kumwambia mama, kwamba baba kaishiwa chaji. Bahati nzuri nilipofika niliuacha mlangoni. Mama alikuwa anasonga ugali. Nikamweleza yote, mpaka zile ndiyo mbili. Hakuacha kusonga. Alipomaliza aliepua sufuria, akaifunika, akakaa kwenye kigoda akiangalia moto.

"Voisi yake ya mwisho sikuwahi kuifungua," alisema. "Nilikuwa naiacha makusudi, ili baba yako abaki na kitu ambacho bado hajaniambia."