Valvu za Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma mara mbili. Nikituma barua, nashinda nikijiuliza kama nilibandika stempu. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kwamba baba yake anakuja kuangaliwa macho hospitalini Embu, na kwamba angekula chakula cha mchana kwetu, mtaa wa Dallas hapo hapo mjini, sikulala vizuri wiki nzima. Sababu ilikuwa priampu.

Priampu ni kisanduku kinachopokea sauti dhaifu kutoka kwenye kinanda cha santuri na kuipa nguvu kidogo kabla ya kuipeleka kwenye amplifaya. Hicho chetu kilikuwa cha mkwe wangu. Alikinunua kwa mmishonari aliyekuwa akirudi kwao, miaka michache baada ya uhuru. Ndani mlikuwa na valvu tatu, vichupa vya kioo vyenye nyuzi zinazowaka rangi ya chungwa kama makaa yaliyobaki jikoni. Mama mkwe alipofariki, mzee alituletea kisanduku, kinanda na santuri zake zote. Alisema tu, "Kaeni nayo." Hakueleza zaidi, na mimi ni nani nimhoji mkwe?

Mara ya kwanza kukiona ilikuwa kwake, karibu na soko la Muthara, kule Meru, siku wazee wetu waliponipeleka kujulishwa kwa wakwe. Kabla ya chakula alizungusha swichi, akateremsha sindano juu ya santuri, akasimama kuomba. Ombi lilichukua kama nusu dakika. Aliposema "Amina", kwaya ya akina mama ikaanza kusikika, mwanzo kwa mbali, halafu chumba kizima. Nilishangaa sana. Mchumba wangu aliniambia kwao huwa hivyo kila Jumapili. Nikaona ni mambo ya mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayetaka kila kitu kifike kwa wakati wake.

Kilipokaa kwetu miaka miwili, kisanduku kilianza kunguruma. Kwanza nililaumu stima ya Dallas, ambayo jioni, watu wote wakipiga pasi, ilikuwa inalegea. Kisha sauti ikaanza kupotea upande mmoja. Nilikifunga kwa blanketi la mtoto nikakipeleka Meru, kwa fundi wa Majengo mwenye kibanda nyuma ya bucha, kwa kuwa kwetu Embu hakuna aliyetaka tena kugusa valvu.

Nilimwambia ni cha mkwe wangu. Fundi alizigonga valvu kwa kucha, akatikisa kichwa. "Hizi zimechoka, mwanangu. Naweza kukutafutia nyingine, lakini zitakuwa za kuokoteza, zimeshatumika makanisani huko. Zitadumu mwaka au zitadumu wiki, Mungu ndiye ajuaye. Ama nikuwekee transista humu humu ndani. Haingurumi, haili stima, na mwenyewe hatajua."

"Na sauti?"

"Sauti ni ile ile. Fumba macho."

Akanichezea santuri moja kwa priampu mbili, moja ya valvu na moja ya transista. Nikamwambia kwa uhakika kabisa kwamba ile ya pili ndiyo ya valvu, maana sauti za chini zina utamu zaidi. Nilipofumbua macho, ya pili ilikuwa ya transista. Fundi alicheka mpaka akashika meza.

Bado sikuweza kukata shauri. Nilizunguka Majengo, nikanywa chai mahali pawili. Nikiweka valvu za kuokoteza, huenda zikazimika mbele ya mzee mwenyewe. Nikiweka transista, nitakuwa nimepasua zawadi ya mkwe bila kumwomba ruhusa. Kumuuliza niliogopa. Nikarudi kibandani nikasema transista, haraka, kabla sijabadili nia. Valvu za zamani nilizifunga kwa pamba, nikazitia kwenye mkebe wa kakao.

"Mwambie tu," mke wangu alisema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akija."

Siku ikafika. Asubuhi nilipangusa kisanduku, nikakagua kama taa nyekundu ya mbele inawaka na kama mikwaruzo ya zamani iko mahali pake. Nilijaribu swichi mara nne. Niliona sijasahau kitu.

Mzee aliingia akishikwa mkono na mke wangu. Hospitalini walikuwa wamemtia dawa ya kupanua mboni na alikuwa haoni vizuri. Nikafurahi, na ninaona aibu kuandika hivyo. Alisalimia, akauliza kisanduku kiko wapi, akaenda mwenyewe akipapasa. Santuri ilikuwa ile ile ya kwaya, nilikuwa nimeiweka tayari. Akazungusha swichi, akateremsha sindano, akanyoosha mgongo.

"Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa..."

Kwaya ikalipuka, kwa sauti yote. Transista haingojei kupata moto kama valvu. Ule ubeti wa kwanza, ambao nyumbani kwao ulikuwa ukipita kimya kila Jumapili wakati valvu zinapashwa moto, sasa ulikuwa umetujazia sebule, na mzee amesimama mikono imefumbatwa na mdomo wazi. Nusu dakika ile ya Muthara! Niliielewa hapo hapo, nimechelewa. Nilirukia sindano nikaiinua. 

Mzee aliinama. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya kisanduku, akakiacha hapo. Kiembu changu na Kimeru chake husikilizana nusu tu, kwa hiyo sisi wawili huzungumza Kiswahili.

"Hii iko baridi," alisema.

"Baba, nilibadilisha. Valvu zilikuwa zimekwisha. Nilitaka kukwambia, nikaogopa."

"Mama yenu alikuwa na shida ya mikono. Baridi ya kwetu unaijua. Nikiwasha, anakuja anaweka mikono hapa juu mpaka santuri iishe. Hizo nyimbo hata hakuwa anasikiliza. Yeye alikuwa anataka tu moto."

Mke wangu alikuwa amesimama na bakuli la mukimo wa viazi. Alikulia shule za bweni na hilo hakulijua. Akaliweka bakuli chini pole pole.

Nilikwenda kuleta mkebe wa kakao. Mzee aliufungua, akagusa pamba, akaufunga. Nilingoja anikemee. Ningependa anikemee, kusema kweli, yaishe.

"Miaka hii yote mnaniita nakataa kuja," alisema. "Mnafikiri ni miguu. Si miguu. Nilikuwa naogopa nikuje niguse hii kitu, nipate bado iko na moto, na yeye hayuko."

 Wiki nzima nilidhani mwenye hofu ni mimi peke yangu.

Akautia mkebe kwenye mfuko wa koti. "Sasa sikia. Tutaomba kwanza, tumalize. Ndiyo uwashe."

Nilizima swichi, nikarudisha sindano mwanzo wa santuri, nikaweka kidole tayari. Mzee akaanza upya, akashukuru kwa safari, kwa macho, kwa chakula, kwa mkwe. Ombi lilipita nusu dakika, likapita dakika mbili. Kisha akamshukuru Mungu kwa mke wake, ambaye hakuwa amemtaja mbele yetu tangu siku ya mazishi. Alianza na mikono yake. Alisema jinsi ilivyokuwa ikivimba vidoleni na jinsi ilivyofua mashati yake hivyo hivyo. Halafu sauti ikakatika.

Tulingoja. Kidole changu kilibaki juu ya swichi. Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Nilimtazama mke wangu, naye akasogea karibu na baba yake, akamshika mkono, akasema kwa niaba yake, "Amina."

Nikawasha.